Tope la Lindi na barafu ya Antaktika

SWALI: Nina duka Kariakoo. Mwanangu anasema udongo wa pwani yetu unasimulia barafu ya Antaktika ilivyoanza. Kweli?

JIBU: Kweli kabisa, ndugu. Miaka ya 2000 wanajiolojia, wakishirikiana na shirika la petroli la Tanzania, TPDC, walichoronga Kilwa na Lindi, ambako udongo wa mfinyanzi ulitua tabaka kwa tabaka chini ya bahari. Ndani yake mna makombe madogo mno ya viumbe waitwao foraminifera. Barafu inapokua nchi kavu hufungia oksijeni nyepesi zaidi. Bahari hubaki na nzito, na kombe huibeba, ingawa baridi nayo huchangia. Matabaka ya miaka milioni 34 iliyopita yanaonyesha badiliko hilo la oksijeni, barafu ya Antaktika ilipoanza kukua. Udongo huo wa mfinyanzi umeyahifadhi makombe yaking'aa kama kioo. Hazina adimu duniani, nasi tunayo.