Kifaa cha Mtumba Kina Bei Mbili: Mafunzo Saba kwa Baba Mwenzangu

Baba mwenzangu, najua unachotaka. Mtoto aende chuo na laptopu yake, mama watoto awe na simu isiyozima kabla ya adhuhuri, na sebuleni pawe na runinga ya kutazamia mpira. Yote hayo bila kwenda kukopa. Hiyo ndiyo hamu iliyonifanya nilee watoto wangu kwa vifaa vilivyokwisha kutumika, na leo majirani hunipitia tuongozane sokoni Kariakoo kana kwamba nilizaliwa na ujuzi. Sikuzaliwa nao. Niliununua, na sehemu kubwa niliinunua kwa bei mbaya.

Kila kifaa cha mtumba kina bei mbili: unayomlipa muuzaji, na utakayoilipa nyumbani baadaye. Ya kwanza hujadiliwa kwa kelele. Ya pili hakuna anayeitaja mpaka uitafute mwenyewe.

1. Muulize atakayekitumia

Binti yangu wa kwanza alipopata nafasi chuo kikuu, nilikwenda sokoni bila kumuuliza neno. Nilirudi na laptopu ya kioo cha inchi 17, kibodi inayowaka taa nyekundu, nzito kama tofali. Nilijiona baba wa maana. Baada ya wiki chache ikawa inabaki hosteli, naye darasani anaandika kwa mkono, kwa sababu betri ilikuwa ikikata mhadhara ukiwa katikati. Nilipomuuliza hatimaye, alisema kwa upole, "Baba, nilihitaji ya kuandikia tu."

Mama yake naye nilitaka kumnunulia simu ya kamera kali. Yeye anapokea oda za vyakula, na alichohitaji ni laini mbili, sauti kubwa na chaji ya kutwa. Nilishangaa kugundua kwamba mara zote mbili mteja niliyekuwa nikimhudumia ni mimi. Siku hizi, kabla jirani hajatoka nyumbani, namtaka aje na majibu matatu: nani atakitumia, kwa kazi gani, na kitakaa muda gani mbali na umeme.

2. "Core i5" ni nusu ya jibu

Zamani niliingia kwenye fremu nikatamka kwa kujiamini, "Nataka Core i5." Kijana akauliza, "Kizazi cha ngapi, mzee?" Nikaanza kumweleza kwamba babu yangu ndiye aliyehamia mjini kutoka Kilwa. Duka zima lilicheka, na mimi nilicheka nilipokwisha kuelewa.

Jina i5 limetumika kwa miaka mingi kwenye mashine zisizofanana hata kidogo. Soma namba inayofuata baada ya kistari. i5-3320M ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. i5-8350U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina kori nne pale ambapo ile ina mbili. Ukiona i5-1135G7, hicho ni kizazi cha kumi na moja.

Tofauti hiyo sasa ina uzito zaidi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa vichakataji vya Intel, huanzia rasmi kizazi cha nane isipokuwa vichache mno. Ndiyo maana vizazi vya sita na saba vinauzwa kwa bei ya kuvutia. Mtoto wa kuandika insha anaweza kutumia mashine kama hiyo ukiiwekea Linux, lakini usiilipie bei ya kizazi cha nane eti kwa kuwa zote zimebandikwa i5.

3. Kuukuu ya ofisini huishinda mpya ya bei rahisi

Kwa mtoto wa pili niliapa kununua mpya. Nikapata laptopu nyembamba, inang'aa, na boksi lake halijafunguliwa. Ndani ilikuwa na kichakataji cha Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya GB 64. Windows ilipoanza kujisasisha, nafasi ikaisha. Hakuna fundi aliyeweza kuiongezea chochote.

Wakati huohuo jirani alikuwa na ThinkPad yenye mikwaruzo mgongoni, iliyotoka kwenye ofisi fulani Ulaya. Fundi alitoa diski ya kuzunguka, akaweka SSD, na mashine ikawa inawaka kabla ya yangu kumaliza kuonyesha nembo. Sikuamini, nikadhani ametoa kitu kingine ndani.

Sababu iko wazi. Makampuni makubwa hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache zikiwa bado na nguvu, na laptopu za aina ya ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook huundwa zifunguliwe na kutengenezwa. Vipuri vyake vimejaa.

Zina mitego miwili. Wa kwanza ni nenosiri la BIOS lililoachwa na kampuni. Iwashe huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mrudishie. Wa pili ni betri. Kwenye Windows andika amri powercfg /batteryreport, itakuandalia ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 25,000, nusu imeshaliwa, na bei ya betri mpya iingie kwenye mapatano.

4. Simu ina mwenyewe mpaka mwenyewe aiachie

Mpwa wangu alinunua iPhone kwa mtu aliyesimama nje ya duka. Nzuri, haina hata mkwaruzo. Alipoifuta ili aanze upya, ikamdai akaunti ya mtu asiyemfahamu, na muuzaji hapatikani tena. Mpaka leo ile simu ni kioo cha kujitazamia.

Usitoe pesa kabla muuzaji hajaondoa akaunti yake na kuifuta simu mbele ya macho yako, kisha wewe ukaingiza ya kwako ikakubali. Ni hivyo kwa Apple na kwa Android. Kisha bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI na iliyo kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 usome kama jina na aina vinafanana na ulichoshika. Tulioshuhudia mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikizima simu bandia Juni 2016 hatuhitaji kukumbushwa. Wapo waliolala na simu wakaamka na tochi.

Kwenye iPhone, fungua sehemu ya "Kuhusu" utazame herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M iliuzwa ikiwa mpya, F imekarabatiwa na Apple wenyewe, N ilitolewa kufidia iliyoharibika. Ukiambiwa ni mpya na herufi ni F, umeshajua unazungumza na nani. Kwenye Android, angalia toleo: WhatsApp haikubali tena chini ya Android 5, na programu za benki ni kali zaidi.

5. Pindua kifaa usome nyuma

Shemeji alirudi kutoka Marekani akatuletea blenda. Nilitafuta adapta ya kubadilisha plagi, nikachomeka, ikanguruma kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi, kisha ikatoa moshi. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na wa Japani ni 100.

Nyuma ya kila kifaa kuna kibandiko. Kikisoma 100–240V, kama zilivyo chaja nyingi za laptopu na simu, chomeka bila hofu. Kikisoma 120V au 100V peke yake, utahitaji transfoma, na hiyo ni ile bei ya pili inayokuja.

Runinga ina jambo la ziada. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mfumo wetu wa antena ni DVB-T2. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani hufuata mifumo mingine, kwa hiyo hata ikiwa bapa na ya kisasa haitashika chaneli zetu bila king'amuzi. Hakikisha ina tundu la HDMI linalofanya kazi.

6. Flashi ya terabaiti moja kwa bei ya chipsi mayai

Ipo, na inasema uongo. Ndani ina nafasi ndogo, ila imechezewa ili kompyuta isome kubwa. Faili zinaonekana zimeingia, kumbe zinafutana. Ukinunua flashi au kadi, ijaze yote siku hiyohiyo kisha ufungue faili za mwanzo na za mwisho. Sisi tulijaribu kwa picha za harusi. Usifanye hivyo.

7. Nenda asubuhi, na uende na mtoto

Jioni kioo chenye doa huonekana safi, na winga, yaani dalali wa duka, ana haraka kuliko wewe. Nenda mapema. Jaribu kila kitufe, kila tundu, kamera, spika na WiFi. Dai risiti ya EFD, na muda wa waranti uandikwe pamoja na namba ya kifaa.

Nilikuwa naona aibu kufanya hayo. Mzee mzima kubonyeza herufi moja moja mbele ya foleni! Binti yangu haoni aibu. Siku moja alifungua ripoti ya betri pale kaunta, akamgeuzia muuzaji kioo bila kusema kitu. Bei ilishuka kabla sijafungua mdomo. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba muuzaji hakukasirika; alituheshimu na kutuletea mashine bora kutoka nyuma.

Sasa wewe. Ukiwa na laki tano mfukoni, tafuta laptopu ya laki nne. Laki inayobaki ni ya SSD, betri au chaja, na ndiyo itakayoamua kama mtoto atamaliza chuo na mashine hiyohiyo. Muuzaji akikushawishi umalize zote kwake, mshukuru na uhamie duka la pili.