Ganda la Shaba na Nyufa Zake

Bunduki inapofyatuliwa, risasi huenda zake na ganda la shaba lililochukua baruti hubaki nyuma. Nchini Marekani, ambako kazi hiyo imeruhusiwa na kuzoeleka, wapiga shabaha na wawindaji wengi hawalitupi ganda hilo. Hulitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, kisha hulitumia tena. Ganda moja huweza kurudiwa hivyo mara kadhaa, lakini halidumu milele. Swali linalomkabili mwenye kulirudia ni hili: atajuaje kuwa ganda limechoka kabla halijapasuka karibu na uso wake? Jibu lake limo katika elimu ya metali. Elimu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini koki ya maji hupasuka, au kwa nini waya unaopindwapindwa hukatika.

Metali yenyewe

Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni aloi ya shaba nyekundu na zinki. Katika kila gramu 100 za aloi hiyo, gramu 70 ni za shaba nyekundu na 30 ni za zinki. Atomu za zinki hukaa mahali pa baadhi ya atomu za shaba ndani ya fuwele, bila kuuvunja mpangilio wake. Kwa sababu hiyo aloi hii ni imara kuliko shaba tupu, na bado hukubali kuvutwa na kufinyangwa bila kupasuka.

Kiwandani, kisahani cha shaba hukandamizwa kikawa kama kikombe. Kikombe hicho huvutwa hatua kwa hatua mpaka kikawa mrija wenye kitako kinene na ukuta mwembamba. Kila kinapovutwa, safu za atomu huteleza juu ya nyingine. Mitelezo hiyo ikizidi huzuiana, na metali huwa ngumu. Ndipo hutiwa motoni ili fuwele mpya zizaliwe na ulaini urudi. Mwishoni kitako huachwa kigumu, ili kiishike fataki na kustahimili msukumo. Shingo nayo hulainishwa, ili iweze kutanuka bila kupasuka.

Kazi ya ganda

Baruti inapowaka, kanieneo ya gesi katika bunduki za kisasa huweza kufikia megapaskali 400 hivi, yaani mara 4,000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Je, ukuta wa ganda waweza kuizuia peke yake? Hesabu fupi inatosha kutujibu. Mkazo katika ukuta wa mrija hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa unene wa ukuta. Tuchukue nusu kipenyo cha milimita 5 na unene wa milimita 1. Mkazo utakuwa 400 × 5 ÷ 1, yaani megapaskali 2,000. Lakini shaba ya manjano iliyokazwa sana hukatika kwenye megapaskali 500 na ushei.

Basi ni dhahiri kwamba ganda si chombo cha kubeba kani hiyo. Mbebaji ni chuma cha pua kilicholizunguka. Kazi ya ganda ni kuwa kizibo: hutanuka, hujibana kwenye chuma, huzuia gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo ili liweze kutolewa. Hatari hutokea pale kizibo hicho kinapokuwa na ufa, hasa karibu na kitako. Ganda likikatika hapo, gesi ya moto hutafuta njia ya nyuma, na nyuma ndiko kuliko na jicho la mpigaji.

Nyufa zilizowashangaza wanajeshi

Kati ya nyufa zote, zilizoleta mafunzo makubwa ni zile zilizoonekana kwenye risasi za jeshi la Waingereza huko India. Wakati wa masika shughuli za kijeshi zilipungua, na risasi ziliwekwa katika mabanda ya farasi kungoja kiangazi. Zilipotolewa, maganda mengi yalikutwa yamepasuka, hasa pale mdomo ulipobanwa kuishika risasi. Hakuna aliyeyafyatua wala kuyapiga. Kasoro hiyo ikaitwa mpasuko wa msimu, kana kwamba majira yenyewe ndiyo yenye makosa.

Maelezo kamili yalitolewa mwaka 1921 na wataalamu watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson. Walionyesha kwamba mkojo wa farasi ulitoa gesi ya amonia, nayo ilishirikiana na mkazo uliobaki ndani ya metali tangu ilipovutwa kiwandani. Mwanafunzi wa kemia anaujua tayari uhusiano wa amonia na shaba: amonia ikizidishwa katika myeyusho wa salfeti ya shaba, rangi hugeuka buluu iliyokoza. Ayoni za shaba na molekuli za amonia hupendana sana. Penye unyevu na oksijeni, amonia huila shaba ya manjano kwenye mipaka ya fuwele zake, na mkazo uliofichika huufungua ufa kidogo kidogo.

Mambo yanayohitajika basi ni matatu: mkazo, amonia, na unyevu wenye oksijeni. Likiondolewa mojawapo, ufa hautokei. Dawa waliyoitumia wahandisi ni kulipasha ganda joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Joto hilo huondoa sehemu kubwa ya mkazo bila kuuharibu ugumu wa kitako.

Namna ya kukagua

Mkaguzi mwangalifu huanza kwa kuyaosha maganda kwa maji na sabuni na kuyakausha, kwa maana masizi huficha nyufa. Hatumii dawa yenye amonia, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Kisha huchunguza kila sehemu penye mwanga mzuri, akitumia lenzi.

Kwanza, mdomo na shingo. Ufa wa wima unaoanzia mdomoni huonyesha kuwa metali imekuwa ngumu kwa kutanuliwa na kubanwa mara nyingi. Ganda hilo halifai tena.

Pili, bega na kiwiliwili. Ufa wowote hapo, hata mwembamba kama unywele, hulikataza ganda, na kadhalika masizi yanayoonyesha kuwa gesi imepenya.

Tatu, sehemu iliyo juu kidogo ya kitako. Hapa ndipo ukuta mwembamba unapokutana na kitako kinene, na ndipo metali inapovutika kila ganda linapofyatuliwa. Dalili yake ni pete inayong'aa kulizunguka ganda. Hata hivyo, pete huweza pia kuwa alama tu ya chombo kilicholibana ganda lirudie umbo lake. Ili kuondoa shaka, mkaguzi huingiza ndani waya mwembamba wenye ncha iliyopindwa, na kuuburura polepole ukutani. Ncha ikikwama katika mfuo, ukuta umekonda na kukatika kwake kumekaribia. Kwa uthibitisho zaidi, ganda moja hukatwa kwa msumeno kwa urefu wake ili unene uonekane kwa macho.

Nne, tundu la fataki. Fataki mpya ikiingia bila kubana, kitako kimetanuka, na huenda kanieneo ilipita kiasi.

Tano, rangi na historia. Madoa mekundu huonyesha kuwa zinki imetoka na kuacha shaba dhaifu. Aidha, ganda lililopitiwa na moto wa nyumba au wa pori hukataliwa hata likiwa zuri kwa sura, kwa kuwa kitako chake kimelainika na jicho haliwezi kuliona hilo.

Ganda moja likipatikana na kasoro, wenzake waliofyatuliwa mara nyingi kama hilo huangaliwa upya, maana historia yao ni moja. Yaliyokataliwa hupondwa ili yasirudi kazini kwa bahati mbaya.

Jaribio la darasani

Risasi na maganda yake si vifaa vya maabara ya shule. Mwanafunzi akiokota risasi shambani au porini asiiguse, bali atoe habari kwa mtu mzima na polisi. Kanuni zenyewe zaweza kuonekana kwa waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita 2 hivi.

Katwa vipande viwili vya sentimita 20. Kipinde cha kwanza huku na huku mahali pamoja, ukihesabu, mpaka kikatike. Kipande cha pili kipinde nusu ya idadi hiyo, kishike kwa koleo, kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe, kisha endelea kukipinda na kuhesabu. Linganisha jumla zote mbili. Moto hurudisha ulaini, lakini hauungi ufa uliokwisha kuanza. Ndiyo maana ukaguzi hutangulia, na ganda lenye ufa halina tiba ila tanuri la kuyeyushia.

Maswali

1. Kwa nini kitako cha ganda hutakiwa kuwa kigumu, na shingo yake kuwa laini?
2. Ukuta ukikonda kutoka milimita 1 hadi milimita 0.5, na nusu kipenyo kikabaki milimita 5, mkazo wa megapaskali 2,000 utakuwa kiasi gani?
3. Fundi ameweka koki mpya za shaba ya manjano katika banda la ng'ombe lisilopitisha hewa. Taja mambo mawili anayoweza kufanya ili zisipasuke, na ueleze kila moja linaondoa sharti gani kati ya yale matatu.