Moto wa usiku: pua imelala, nani atakuamsha?

Ndugu msomaji, katika somo letu la leo tutazungumzia kengele ya moshi, kifaa kidogo ambacho wengi tumezoea kukiona mahotelini na maofisini, na tukadhani kuwa hakituhusu sisi wa Tandika, Mtoni na Mbagala.

Imepokewa kutoka kwa Abu Musa (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wakiwemo ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hiyo alieleza kuwa moto ni adui yetu, na akaagiza tuuzime tunapokwenda kulala. Zingatia kuwa agizo hili limefungwa na wakati wa kulala. Kwa nini?

Moshi huua kabla ya moto

Watu wengi husema, "Moto ukitokea nitasikia harufu." Hili ni kosa. Mtu akishika usingizi, pua yake nayo hulala, na harufu ya moshi haiaminiki kumwamsha. Sauti kali ndiyo huamsha. Ndani ya moshi mna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huzidi kulala, na wengi wanaokufa kwa moto wa usiku hufa kwa moshi, miali haijawafikia. Magodoro yetu ya sponji yakiungua hutoa pia sumu ya sianidi, hivyo muda wa kujiokoa huwa ni dakika chache tu.

Mifano tunayo. Agosti 2009 wanafunzi wa kike 12 walifariki bwenini katika shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa, na iliripotiwa kuwa chanzo kilikuwa mshumaa. Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, watoto 10 walifariki kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Allah awarehemu na awape subira wazazi wao. Nani kati yetu hana mtoto bwenini au madrasa ya kulala?

Kifaa na mahali pake

Kengele ya moshi ni kama kisosi kwa ukubwa. Ile inayotumia mwanga ina taa ndogo ndani yake. Moshi ukiingia hutawanya mwanga huo, kifaa hutambua, kisha hupiga kelele kali. Inayotumia betri hufanya kazi hata umeme ukikatika, na hufungwa kwa skrubu mbili. Waulizie wauzaji wa vifaa vya umeme na vya zimamoto.

Moshi hupanda juu, kwa hiyo kengele ifungwe darini, mbali na pembe. Ikibidi ukutani, iwe juu kabisa, kiasi cha sentimita 15 hadi 30 chini ya dari. Isiwe jikoni, bali umbali wa mita 3 au zaidi kutoka jikoni, isije ikalia kila ukikaanga samaki.

Zile nyumba zetu za korido katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, pa kuanzia ni koridoni. Tena nyumba nyingi hazina dari na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, hivyo moshi wa chumba kimoja huingia vyumba vyote. Hapo ifunge kwenye boriti. Wapangaji mnachangia LUKU kila mwezi. Changieni na kengele moja ya korido, na mwenye uwezo aongeze ya chumbani kwake.

Kwa wafanyabiashara, ghala la vitambaa na magodoro lina haja kubwa zaidi. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Lakini kengele ndani ya duka lililofungwa haina faida kama hakuna wa kuisikia. Hakikisha mlinzi anaisikia na anajua la kufanya.

Matunzo

Kengele yenye betri iliyokufa ni pambo. Ndugu msomaji, mwezi ukiandama, bonyeza kitufe cha kujaribia mpaka ilie. Kila Shaaban, unapoiandaa nyumba kwa Ramadhani, badilisha betri na uifute vumbi. Mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo hutachelewa. Ikianza kulia "twi" mara moja moja, betri inakwisha. Baada ya miaka 10 nunua nyingine.

Mama akifukiza ubani au udi, inaweza kulia. Asitoe betri wala asiifunge mfuko wa plastiki. Afungue madirisha, na chetezo akiweke mbali nayo.

Tahadhari moja: kengele ya moshi haikulindi na jiko la mkaa. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini hutoa ile hewa isiyo na harufu. Sisi wa zahanati tunawajua wanaoletwa wakati wa masika na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu jiko liliingizwa chumbani likwepe mvua. Mkaa ubaki nje. Kibatari, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visiwe karibu na chandarua, na vizimwe kabla ya kulala kama alivyoagiza Mtume (s.a.w.).

Ufunguo uko wapi?

Kengele ikilia saa nane za usiku, utatokea wapi? Madirisha yetu yana nondo na mlango una kufuli. Ufunguo wa ndani uwe na mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, hata mtoto wa miaka saba. Angalau dirisha moja liwe na nondo za kufunguka. Watoto wadogo wanaweza wasiamke hata kengele ikilia, basi pangeni nani atamwamsha nani. Tokeni mkiwa mmeinama, fungeni mlango nyuma yenu, kutaneni sehemu moja, pigeni 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asirudi mtu ndani kufuata mali.

Wapo watakaosema ajali ni Qadar. Ni kweli, lakini yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza, kisha ategemee. Leo usiku, kabla ya kusoma dua ya kulala, hakikisha jiko limezimwa na watoto wanajua ufunguo ulipo. Kesho anza kuchangisha ya kengele.

Wabillahi tawfiq.