Mwongozo wa Kusambaza Imeji za Mfumo Endeshi kupitia Mtandao

1. Madhumuni na walengwa

Mwongozo huu umeandaliwa kwa mafundi na maofisa TEHAMA wa vyuo, shule, hospitali na ofisi zenye kompyuta nyingi na wafanyakazi wachache wa kuzihudumia. Unaeleza namna ya kuandaa imeji na kuipeleka kwenye kompyuta zote kwa mtandao, badala ya kupiga Windows kompyuta moja moja kwa flashi.

Imeji ni nakala ya diski nzima: mfumo endeshi, draiva, programu na mipangilio yake. Kwa kuwa hunakili kila kitu, hunakili na makosa. Nenosiri dhaifu lililoachwa kwenye kompyuta moja asubuhi litakuwa kwenye kompyuta 30 kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi, si usambazaji wenyewe.

Mfano unaotumika ni chumba cha kompyuta 30 zinazohamia Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Seva inatumia FOG, programu huria isiyolipiwa inayosimikwa kwenye Linux. Anayetumia Clonezilla atakuta misingi ni ile ile. Anayetegemea huduma ya WDS ya Windows Server ajue kwamba Microsoft imezuia kusimika Windows 11 kupitia WDS kwa faili la boot.wim linalokuja na diski ya usimikaji.

2. Kabla ya kugusa kompyuta yoyote

a) Orodhesha vifaa. Andika modeli, RAM, ukubwa wa diski na iwapo kompyuta inawaka kwa BIOS ya zamani au UEFI. Windows 11 inadai TPM 2.0, UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache. Kompyuta isiyotimiza masharti hayo itolewe kwenye mpango mapema.

b) Okoa kazi za watumiaji. Imeji ikishuka, kilichokuwemo kwenye diski kimekwenda. Chukua nakala rudufu, ifungue kuthibitisha kwamba inasomeka, kisha mhusika atie saini kwamba amepokea mafaili yake.

c) Hakiki leseni. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani, peke yake, haikupi haki ya kutengeneza imeji moja na kuimwaga kwenye kompyuta nyingi. Haki hiyo hupatikana kwa mkataba wa leseni za pamoja.

d) Hakikisha umeme. Seva na swichi viwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta iliyokuwa ikipokea haitawaka mpaka irudiwe upya.

3. Kuandaa kompyuta mama

Simika Windows upya kabisa. Usichukue imeji ya kompyuta iliyokwisha kutumiwa na mtu. Ukifika kwenye skrini ya kwanza ya makaribisho, bonyeza Ctrl+Shift+F3 ili uingie katika hali ya ukaguzi, ambamo unaweza kuweka programu bila kufungua akaunti ya mtumiaji. Weka masasisho yote, kisha programu zinazohitajika na kila mtu. Zinazohitajika na wachache ziongezwe baadaye. Imeji ndogo husafiri haraka na huharibika mara chache.

Yafuatayo hayaruhusiwi kuwemo kwenye imeji:
- Kompyuta iliyokwisha kuunganishwa na domeni.
- Antivirusi au programu ya usimamizi iliyokwisha kujisajili kwa utambulisho wake.
- Diski iliyofungwa kwa BitLocker. Kagua kwa amri ya manage-bde -status, kwa sababu matoleo mapya ya Windows 11 huweza kuifunga yenyewe.
- Nenosiri la msimamizi ndani ya faili la majibu la unattend.xml. Hata likionekana limefichwa, mtu mwenye ujuzi mdogo hulisoma.

Mwisho endesha Sysprep iliyo kwenye C:\Windows\System32\Sysprep kwa amri hii:

sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown

Hatua hii haina mbadala. Kila Windows ina namba ya utambulisho iitwayo SID, na Sysprep huiondoa ili kila kompyuta itengeneze yake. Kwa miaka mingi wapo mafundi walioiruka bila kuona madhara. Sasa madhara yapo: masasisho yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 yanafanya Windows 11 toleo la 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, zikatae uthibitisho wa Kerberos na NTLM kati ya kompyuta zenye SID moja. Mtumiaji huandika nenosiri sahihi na kukataliwa, na folda za mtandaoni hazifunguki. Tiba ya kudumu ni kusimika upya kwa njia sahihi. Aidha, seva ya leseni ya KMS huanza kuidhinisha Windows za mezani baada ya kuhesabu kompyuta 25. Zilizonakiliwa bila Sysprep huhesabiwa kama moja, na idadi haifiki kamwe.

Sysprep ikigoma, soma faili la setuperr.log ndani ya folda ya Panther. Mara nyingi chanzo ni programu ya Microsoft Store iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja tu; iondoe, kisha rudia. Kompyuta ikizimika, isiwashwe tena kwa diski yake kabla imeji haijachukuliwa.

4. Kuandaa mtandao

Kompyuta huwaka kwa mtandao kwa kufuata kanuni ya PXE ya Intel, ambayo toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999. Kompyuta huomba anwani ya IP kwa seva ya DHCP. DHCP huijibu kwa anwani, ikaielekeza pia kwenye seva ya kuwashia na jina la faili la kuanzia. Hayo huwekwa kwenye chaguo namba 66 na 67. Kisha faili hupakuliwa kwa TFTP, kupitia bandari ya UDP 69. Katika FOG, kompyuta za BIOS hupewa undionly.kpxe na za UEFI hupewa ipxe.efi au snponly.efi. Ukikosea hapo, kompyuta haitawaka hata kama mengine yote yako sawa.

Zingatia mambo matatu:
- Usiwashe seva ya pili ya DHCP kwenye mtandao wenye nyingine. Utawakata watu wote mawasiliano. Ikiwa DHCP iko chini ya idara nyingine, omba iongeze chaguo hizo, au tumia dnsmasq katika hali ya wakala, ambayo haigawi anwani.
- Maombi ya DHCP hayavuki kutoka VLAN moja kwenda nyingine bila ruta kuelekezwa kuyapitisha.
- Tumia kebo, si Wi-Fi.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuwaahidi watu. Imeji ya GB 20 ni gigabiti 160. Kwenye swichi ya gigabiti 1, kompyuta moja huhitaji takriban dakika 3 kwa hesabu ya karatasini. Kompyuta 30 zikitumiwa kila moja nakala yake, seva hutoa GB 600, yaani dakika 80 kwa uchache. Kwenye swichi ya megabiti 100, kazi hiyo hiyo huzidi saa 13. Utumaji wa pamoja hupunguza mzigo huo, kwa kuwa seva hutuma nakala moja ikapokewa na kompyuta zote kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, utumaji wa pamoja huenda kwa mwendo wa kompyuta iliyo nyuma kuliko zote. Gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika, kompyuta huweza kushuka hadi megabiti 100 na kuzichelewesha nyingine 29. Pima kila kebo siku moja kabla.

5. Hatua za usambazaji

1. Zima Secure Boot kwa muda kama seva yako inatumia faili la kuwashia lisilo na saini inayokubalika.
2. Chukua imeji ya kompyuta mama na uipe jina lenye toleo na tarehe.
3. Ishushe kwenye kompyuta moja ya kila modeli.
4. Kagua: draiva zote zimekaa, leseni imethibitika, printa inachapa, mtumiaji wa kawaida anaingia.
5. Ishushe kwenye kompyuta tano, zitumike kwa siku nzima.
6. Tuma kwa zilizobaki, baada ya saa za kazi.
7. Washa tena Secure Boot, badilisha majina ya kompyuta, kisha ziunganishe na domeni.

6. Kazi inapokwama

- Kompyuta haipati IP: anza na kebo, kisha VLAN, kisha DHCP.
- Imepata IP lakini haipakui faili: kagua fayawoli ya seva na jina la faili la kuwashia.
- Menyu imefunguka lakini diski haionekani: kwenye BIOS, badilisha hali ya Intel RST au VMD iwe AHCI, kabla ya kushusha imeji.
- Utumaji wa pamoja hauanzi au unasuasua: kagua mpangilio wa IGMP kwenye swichi.

7. Usalama na utunzaji

Mtandao unaoweza kusimika Windows unaweza pia kufuta diski ya mhasibu. Badilisha nenosiri la awali la FOG siku ile ile ya kuisimika, weka nenosiri kwenye menyu ya kuwashia, na uitenge seva kwenye VLAN yake. Kazi ikiisha, rudisha mpangilio wa kompyuta ili ziwake kwa diski kwanza.

Ihuishe imeji angalau kila baada ya miezi mitatu, na utunze ile iliyotangulia mpaka mpya ithibitike. Weka daftari linaloonyesha tarehe, toleo, programu zilizomo na jina la fundi aliyeidhinisha. Imeji isiyo na kumbukumbu hiyo, na ambayo haijapita kwenye kompyuta za majaribio, isisambazwe hata kama mkuu wa idara ana haraka.