Kufundisha Utabiri wa Mvua ya Radi: Alasiri Moja Murongo

Makala haya yanahusu somo la hali ya hewa kama liwezavyo kufundishwa katika shule za Murongo, kandokando ya Mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Aghalabu somo hili huishia ubaoni, kwa kuchora mawingu na kukariri majina yake. Sisi twaona kwamba mwanafunzi hajajifunza utabiri mpaka aandike neno lake kabla ya jambo kutokea, kisha asahihishwe na mbingu yenyewe.

Jambo hili si la mchezo. Mnamo Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Oktoba 2018 wanafunzi 6 waliuawa na radi shuleni mkoani Geita. Mwalimu anayetazama mawingu saa saba mchana, akijiuliza kama watoto waondoke mapema au wangoje, tayari anatabiri, apende asipende.

Ichaguliwe siku ya Oktoba au Novemba, wakati wa mvua za vuli. Asubuhi wanafunzi wataona ukungu bondeni mwa mto, na wengi watasema mvua itanyesha. Mwalimu awazuie hapo. Ukungu ule waonyesha tu kwamba usiku ulikuwa mtulivu na hewa ya chini ina unyevu. Dalili iliyo bora ni vipimajoto viwili vilivyotundikwa kivulini, kimoja ncha yake ikiwa imefungwa kitambaa kibichi. Vikisoma karibu sawa hata saa tano, unyevu ni mwingi kweli.

Kuanzia saa nne yatazamwe mawingu madogo meupe juu ya vilima. Je, yanapanda kuliko yanavyotanuka? Wingu ambalo kilele chake kinafura kama povu la maziwa yachemkayo bado linakua. Kilele kikipoteza ukingo wake na kutandaa bapa kama fuawe, matone ya juu yamekuwa barafu, na radi haiko mbali. Katika Karagwe, ambako uhunzi ni sanaa ya kale, mfano wa fuawe hauhitaji maelezo marefu.

Hapa mwalimu aeleze kwa nini saa za Murongo si saa za Bukoba. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Viktoria, hewa ya ziwani huvuta kuelekea bara, na mawingu hujengeka juu ya vilima alasiri. Usiku mambo hugeuka, ngurumo zikakusanyika juu ya ziwa. Ndiyo maana mvua ya alfajiri ni ya kawaida Bukoba. Murongo iko zaidi ya kilomita 100 magharibi yake. Kwa kuwa mawingu makubwa mara nyingi husukumwa kuelekea magharibi, macho ya darasa na yaelekee mashariki.

Saa sita kila mwanafunzi aandike: "Kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku ngurumo itasikika hapa; naamini mara saba katika kumi." Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha somo, nayo ndiyo walimu huiacha. Baada ya siku 20 zihesabiwe siku za aina nne: aliyosema ikaja, aliyosema haikuja, asiyosema ikaja, asiyosema haikuja. Atakayesema "mvua" kila siku hatakosa dhoruba hata moja, na darasa litamshangilia. Mwalimu aulize basi: jirani aliyeanua kahawa yake bure mara tano, mara ya sita atamsikiliza? Mjadala huu hufundisha kuliko mchoro wowote. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nao usikilizwe redioni na kuandikwa kando, ukipimwa kwa hesabu ileile. Wenyewe husemea eneo kubwa, darasa lasemea bonde moja.

Ngurumo ikianza, zihesabiwe sekunde toka mwako hadi sauti; kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, dhoruba imefika mahali pa hatari, na watu wasitoke nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Lakini watoke wapi, wakae wapi? Chini ya mti ni hatari kuu, na darasa la bati lisilo na kinga ya radi halitoshi kuitwa salama. Kwa shule ya namna hiyo onyo la saa saba, wakati mtoto bado aweza kufika nyumbani, lina thamani kuliko hesabu zote za sekunde. Upepo wa baridi wenye harufu ya udongo ukishavuma, muda wa kutabiri umekwisha.

Siku ambayo mawingu yalipanda kisha yakayeyuka, iandikwe daftarini kwa wino uleule, na kesho yake darasa lianze kwa swali moja: yalikosa nini?