Hewa ya Luano na Mizani ya Ndege

Msafiri kutoka mtaa wa Makomeno akifika uwanja wa ndege wa Luano, Kongo, mzigo wake unapandishwa kwenye mizani. Wengi hudhani ni njia ya kumtoza pesa tu. Lakini mizani ipo pia kwa sababu ya hewa. Tuanze na hewa yenyewe.

Hewa ina uzito. Usawa wa bahari, hewa ya mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 hivi. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Hewa inayoikandamiza kutoka juu ni kidogo, basi inatawanyika. Joto huitawanya zaidi. Mchana wa mwezi wa kumi, kwenye nyuzi 33, mita ileile ya ujazo haifikishi hata kilo moja: karibu moja ya tano imepotea.

Bawa huinua ndege kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikipungua kwa moja ya tano, nguvu ya kuinua hupungua vivyo hivyo, isipokuwa mwendo uongezwe. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo pengo huzibwa kwa kuongeza kama asilimia 11. Lakini injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, inachelewa kuufikia mwendo huo, na huku njia ya kurukia inazidi kuliwa. Basi mzigo upunguzwe. Upunguzwe kiasi gani, majedwali ya kitabu cha ndege yanaonyesha, kwa kila joto na kila urefu wa njia.

Kila kilo inayoachwa chini ni pesa iliyoachwa, na anayeipoteza ndiye anayepakia. Muuza unga hakabidhiwi ukaguzi wa mizani yake mwenyewe. Kongo, ukaguzi huo ni wa Autorité de l'Aviation Civile, AAC, inayotoa vyeti vya kampuni na leseni za marubani, na yenye haki ya kuizuia ndege isiruke. Tusiichanganye na RVA, inayoendesha Luano na kuongoza ndege angani. RVA nayo inapaswa kukaguliwa, na kwangu utengano huu wa anayekagua na anayekaguliwa ndio kiini cha usalama wote.

Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeziweka kampuni za Kongo kwenye orodha ya zilizokatazwa anga yake. Kampuni inaweza kununua ndege nzuri na bado ikabaki humo, kwa sababu Ulaya haipimi ndege peke yake. Inapima pia usimamizi wa mamlaka iliyotia sahihi cheti chake.