Saa za Kwanza ni za Nyumba Yako
Kijitabu cha afya na tahadhari kwa kaya za Tunduma na mkoa wa Songwe

Ukiishi Tunduma, mengi hukufikia kwa barabara: bidhaa, wageni, fedha, na maradhi pia. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa na mji ukashikwa na foleni ya malori. Kuanzia Oktoba 2023 hadi 2024 nchi hiyo hiyo ilipatwa na mlipuko wa kipindupindu mkubwa kuliko wowote katika historia yake: wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700. Mwanzoni mwa 2025 zamu ikawa ya Nakonde yenyewe, mahali ambapo mtu wa Tunduma huvuka asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani. Mji nao umefura. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki mbili katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Miaka kumi nyuma walikuwa hawajafika laki moja.

Zahanati na vituo vya afya vipo, na kijitabu hiki hakichukui nafasi yao. Kinahusu muda ulio kati ya mtu kuanza kuugua au kuungua na mtu huyo kumfikia mganga. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache. Aliyelala na jiko la mkaa chumbani huenda asiione asubuhi. Muda huo ni wa baba, mama, mpangaji wa chumba cha jirani na kilichomo ndani ya nyumba.

MAJI, CHOO NA KIPINDUPINDU

Tuanze na dumu. Kaya nyingi za mjini hununua maji ya dumu la lita 20 yanayoletwa kwa guta au bodaboda. Chungulia dumu linapofika mlangoni. Mara nyingi limezibwa kwa kipande cha nailoni kilichosokotwa, kimeshikwa na mikono iliyoshika noti, usukani na pengine mlango wa choo. Hata kama kisima ni kizuri, maji yameshachafuka njiani. Kwa hiyo usiulize maji yametoka wapi tu. Yatibu yakiwa kwako, kila mara, hata yakiwa meupe kama kioo.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuchemsha. Nyanda zetu ziko juu, Tunduma ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku maji hutokota kabla ya kufikia joto lile la pwani. Basi yasiepuliwe yanapoanza kutoa mapovu madogo pembeni. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja kamili au zaidi. Ya pili ni dawa ya kutibu maji inayouzwa dukani, ya chupa au ya vidonge. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa au pakiti, nacho hutofautiana, kwa hiyo soma kila unapobadilisha aina. Ukishatia, koroga na usubiri dakika 30. Maji yenye tope yaache yatuame kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa, maana tope huimaliza nguvu. Ya tatu ni ya asiye na kuni wala dawa: chupa angavu ya plastiki ya maji ya kunywa, ijaze maji yasiyo na tope, ilaze kwenye bati juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Majira ya mvua huku kwetu, Novemba hadi Aprili, usiitegemee sana njia hii, na ndiyo miezi ambayo maji huchafuka zaidi.

Yaliyotibiwa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na mfuniko, au ndoo yenye koki. Kikombe kinachozamishwa ndani na kila mtoto hurudisha uchafu uliouondoa kwa mkaa wa bei ghali.

Kuhusu choo tusizunguke. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Washiriki walikuwa karibu milioni mbili nchi nzima. Leo tuna simu mfukoni na bado kuna nyumba za kupanga ambapo kaya kadhaa zinatumia choo kimoja kisicho na hata tone la kunawia. Mwenye nyumba anayechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana udhuru. Na mpangaji asimsubiri: kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu la lita tano, msumari uliochomwa moto, kamba mbili na kijiti cha kukanyagia. Toboa tundu karibu na mdomo wa dumu, litundike kwenye mti, funga kamba kutoka shingoni hadi kwenye kijiti, na sabuni uiweke kwenye kopo lililotobolewa matundu chini ili isiloe. Unanawa bila kushika kitu.

Sasa mtu ameanza kuharisha maji maji kama maji ya mchele, anatapika, macho yameingia ndani. Usingoje kesho. Mambo mawili yaende pamoja: mmoja anatafuta usafiri, mwingine anakoroga ORS. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi. Chupa ya lita moja ya dukani ni kipimo kizuri kuliko jagi la kukisia. Kama hakuna pakiti, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kilima, katika lita moja. Ionje: ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage uanze upya. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, mkubwa kidogo nusu hadi kikombe kizima, na mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Maji ya ORS yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Anywe akiwa nyumbani, anywe kwenye bajaji, anywe kwenye foleni ya mapokezi. Dawa za kufunga tumbo zisitumike. Matapishi na choo cha mgonjwa vimwagiwe klorini: ukiwa na jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja kwa sehemu sita za maji, nje, mbali na watoto, na usiichanganye na sabuni ya chooni au kemikali nyingine. Akifariki mtu, msiioshe maiti wenyewe. Mwiteni mhudumu wa afya. Ni neno gumu kwa watu wa mila, lakini misiba imeshazaa misiba mingine kwa njia hiyo.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbozi, Ileje na Tunduma huingia hadi kwenye mifupa. Mama ana kichanga, chumba ni kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia. Jiko lililopikia ugali linaingizwa ndani likiwa na makaa mekundu, halina moshi, linapendeza. Hapo ndipo kifo kilipo.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, isiyo na rangi, na haiwashi macho. Watu wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Sivyo. Moshi ukiisha, kinachokuonya kimeondoka na sumu imebaki. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni; mtu huumwa kichwa, hulegea, hupata kichefuchefu, na aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kuamka. Kufunika makaa kwa majivu hakusaidii. Sufuria ya maji juu ya jiko, kama wanavyoshauriana watu, haifanyi lolote.

Jiko lilale nje. Kama nje kuna wezi, lizimwe kwanza kwa maji au mchanga mpaka lipoe kabisa. Kichanga apashwe joto na mwili wa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa kofia. Njia hiyo hospitali zetu zinaitumia kwa watoto njiti. Watu wazima wajaze maji ya moto kwenye chupa ngumu, waifunge kwenye kanga na kuiweka miguuni.

Ukikuta watu wamelegea chumbani na jiko ndani, usiingie ukakaa humo kuwaamsha. Vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha, waburute watoke kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali wote, hata anayesema ameshapata nafuu. Mjamzito hasa, maana mtoto tumboni huumia kuliko yeye.

MAHINDI YA KULA NA MAHINDI YA KUUZA

Songwe ni mkoa wa mahindi, na kuna mazoea mabaya katika miaka ya bei nzuri: kuuza yote Julai na kununua debe Januari kwa bei ya kilio. Kaya ihesabu chakula chake kwanza. Lakini kuweka bila kujua namna ya kuweka ni hatari kubwa zaidi, na hatari hiyo inaitwa sumukuvu.

Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye kuvu. Sumu hiyo haimalizwi kwa kupika, na ugali wake hauna ladha ya tofauti. Kuvu hupenda punje yenye unyevu, kwa hiyo kazi yote iko kwenye ukaushaji. Anika kwenye turubai, usianike kwenye udongo mtupu. Kabla ya kuhifadhi fanya jaribio la chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikining'inia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Ikianguka yote chini, yako tayari.

Adui wa pili ni dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora. Wakulima walimpa jina Scania kwa namna anavyosaga mzigo, na Tunduma, mji wa Scania za kweli, jina hilo halihitaji maelezo. Mifuko maalumu yenye matabaka ya plastiki ndani humuua kwa kumnyima hewa, mradi kila tabaka lifungwe peke yake na mfuko usitobolewe na panya. Unga wa dawa ya shambani usitiwe kamwe kwenye mahindi ya kula.

Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe na kufukiwa. Usiwape kuku na usizipeleke kwenye pombe. Sumu hurudi kwako kupitia yai na kata.

PETROLI

Magari ya mafuta ya Zambia na Kongo yanapita mlangoni kwetu usiku na mchana, na dumu la petroli chini ya kitanda ni biashara ambayo watu hawaizungumzi. Tuizungumze. Mvuke wa petroli hutambaa sakafuni hadi ufike kwenye kibatari au jiko lililo chumba cha pili. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Lori likipinduka Mpemba au Chapwa, chukua watoto uende mbali, upande upepo unakotoka, na usipige simu karibu na mafuta.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida dakika 20, avuliwe pete na saa kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi kisicho na manyoya. Nguo iliyogandia isivutwe. Dawa ya meno, ute wa yai na asali viachwe jikoni.

SANDUKU LA NYUMBA

Halihitaji fedha nyingi. Pakiti nne za ORS, sabuni, dawa ya maji, tochi, kitambaa safi, glovu, kadi za kliniki na nakala za vitambulisho ndani ya nailoni, akiba kidogo ya nauli (wa Tunduma wanajua kwa nini shilingi na kwacha zikae pamoja). Maji ya kunywa ni lita tatu kwa mtu kwa siku: familia ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 45, kwa hiyo madumu matatu yatatosha na yatabaki ya uji. Anayetumia dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV asisubiri kidonge cha mwisho ndipo aende kliniki. Mpaka ulipofungwa 2020, haukutoa notisi ya wiki mbili.

Andika ukutani, kwa mkaa ikibidi: 114 Zimamoto na Uokoaji, 115 usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi na kichanga, 199 Wizara ya Afya. Zote ni bure. Chini yake andika namba ya mhudumu wa afya wa mtaa wenu, na ya dereva mmoja wa bajaji aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku. Huyo dereva mwombe leo, na mkubaliane nauli kabisa.